Asiye na Chama Naye Ana Kura



Siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, mama mmoja wa pwani ya Kilwa alipigiwa simu kwa namba asiyoifahamu. Aliambiwa kwamba kwa kuwa hana kadi ya chama, asijisumbue kwenda kituoni. Alikuwa amejiandikisha, lakini siku hiyo alibaki nyumbani. Alitueleza hayo baadaye, kwenye semina ya kamati ya maji.

Simu kama hiyo huaminika kwa sababu inachanganya kura za aina tatu.

Kwanza, kura za maoni. Hizi ni za ndani ya chama, za kumpata mgombea wake. Asiye mwanachama hahusiki.

Pili, uchaguzi wa serikali za mitaa. Anayepiga kura ni mkazi mwenye miaka 18 au zaidi aliyejiandikisha kwenye rejista ya kitongoji au mtaa wake. Mwaka 2024 uandikishaji ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kuwa na kadi ya mpiga kura hakukutosha.

Tatu, uchaguzi mkuu. Hapa hutumika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi ya chama haihitajiki.

Ni kweli kwamba Katiba yetu inamtaka mgombea adhaminiwe na chama, jambo ambalo Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ililikosoa Juni 2013. Lakini sharti hilo ni la mgombea, si la mpiga kura.

Hila hii haiko kwetu tu. Januari 2024, siku mbili kabla ya kura za maoni katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ambako hata wasio na chama hushiriki, maelfu ya watu walipigiwa simu yenye sauti bandia ya Rais wa wakati huo, Joe Biden, wakiambiwa watunze kura zao hadi Novemba. Ulikuwa uongo, kwani mtu angeweza kupiga kura zote mbili. Aliyepanga simu hizo alitozwa faini ya dola milioni 6.

Mwenyekiti wa kijiji hukaa madarakani miaka mitano, na halmashauri anayoiongoza ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Mama yule hakushiriki kumchagua. Tunaziomba kamati zitangaze mapema tarehe za uandikishaji, na kumshauri kila anayepigiwa simu ya namna hiyo akaulize kwa mtendaji wa kijiji au msimamizi wa kituo kabla ya kuamua kubaki nyumbani.