Toboa paa, usiogope

Simu ya upepo ya gari ikianza kukwaruza, lawama huangukia redio. Inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi, inarudi na jibu kwamba ni nzima, na gari linarudi Msimbati bubu vilevile. Ninachosema ni kwamba katika pwani hii, kuanzia Mtwara mjini hadi mdomo wa Ruvuma, mahali pa kwanza pa kutafuta ubovu ni pale kitako cha antena kinapogusana na bati la gari. Na dawa yake ni ile ambayo wenye magari wanaiogopa kuliko zote, yaani kutoboa paa.

Fimbo inayopepea juu ya gari ni nusu tu ya antena. Guglielmo Marconi, katika majaribio yake ya miaka ya 1890, upande mmoja aliupandisha hewani na mwingine akauunga na ardhi, na mpaka leo mafundi wanauita upande huo ethi. Gari limekaa juu ya mipira, halina ardhi ya kushika, kwa hiyo ethi yake ni bati lake lenyewe. Kwa redio za VHF zinazotumia megahezi 160 hivi, fimbo ya robo ya wimbi ina urefu wa sentimita 47, na inataka bati la kama urefu huo kila upande. Katikati ya paa la Land Cruiser ndipo inapolipata kwa urahisi. Mazoea lakini ni kuifunga kwenye ngao ya mbele, ambako bati ni haba na kibanda cha gari kinaikinga upande wa nyuma, au kwenye keria. Keria inadanganya zaidi. Kwa macho ni chuma kilichoshikana na gari, ila miguu yake mara nyingi imekaa juu ya rangi, pengine na vipande vya mpira vimewekwa chini ili isikwaruze. Kwa umeme, keria hiyo inaelea.

Chumvi ndiyo inayomaliza kazi. Ufukwe wa Msimbati unapitika kwa gari, na kusi ikivuma vumbi la maji ya bahari linaingia kila penye mwanya. Shaba ya kitako, chuma cha bodi na maji ya chumvi vikikutana vinakuwa betri ndogo, na kinacholiwa ni chuma. Kwa VHF hasara yake inaweza kujificha, lakini redio za mawimbi mafupi, zile zinazoweza kuzungumza na Dar es Salaam bila mnara wowote njiani, haziwezi kuificha. Chukua megahezi 5. Wimbi lake lina mita 60 na robo yake ni mita 15, urefu ambao hakuna gari litakaloubeba. Basi tunafunga fimbo ya mita 2.4 hivi, na kwa ufupi huo ukinzani wake wa kurusha mawimbi unabaki takriban omu 0.6. Kutu yenye omu 2 tu kwenye bolti ya kitako maana yake ni kwamba kwa kila wati 1 inayoruka, zaidi ya wati 3 zinapasha bolti moto. Unanunua redio ya wati 100 ili uchemshe kutu.

Fundi atajibu kwamba alikwisha kupima: mita inaonyesha sifuri kati ya kitako na bodi, maana ametoa waya wa ethi kutoka kwenye keria hadi chini ya boneti. Mita haijakosea, ila imeulizwa swali jingine. Inapima umeme wa betri, na mawimbi ya redio hayatembei kama umeme wa betri. Waya mwembamba wa mita 1, kwa megahezi 160, unazuia kama omu 1,000. Ndiyo maana penye ulazima wa kuunga huwekwa utepe mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi iwezekanavyo. Utepe mfupi kuliko yote ni ule usiokuwepo, yaani kitako kinachokaa kwenye bati moja kwa moja.

Pingamizi kubwa ni kwamba tundu litaleta kutu. Litaleta, likitobolewa ovyo. Kitako cha aina inayotumika sana kinataka tundu la milimita 19. Kitambaa cha dari kinashushwa kwanza, tundu linatobolewa, kingo zinapigwa msasa mpaka ziwe laini, kisha zinapakwa rangi ya kuzuia kutu. Rangi ya juu ya paa haiguswi, kwani ndiyo inayokaliwa na mpira wa kuzuia maji. Kinachokwanguliwa ni upande wa ndani, duara dogo tu, hadi chuma king'ae. Hapo vimeno vya pete ya kitako vinauma bati lililo kavu, na grisi kidogo inafunga kazi. Linganisha na bolti ya ngao inayorushiwa matope na maji ya chumvi mwaka mzima. Bei ya gari wakati wa kuliuza inaweza kupungua, hilo sibishi, lakini gari la kazi halinunuliwi kwa ajili ya kuuzwa.

Na antena ya kitako cha sumaku? Kwa gari la kukodi na kwa VHF, sawa. Inapitisha mawimbi kupitia rangi bila kugusa chuma. Kwa mawimbi mafupi haitoshi, na mchanga ukiingia chini yake ni msasa. Wako pia wanaodhani ethi ya bati la gari inakinga radi. Haikingi.

Limebaki pingamizi kwamba simu za mkononi zinatosha, ambalo lina nguvu siku za kawaida. Lakini tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kisiwa cha Ibo kikakatika mawasiliano. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya kusini eneo la Somanga. Siku kama hizo magari mawili kwenye tambarare, yenye antena za kimo cha mita 2, yanasikizana kwa hesabu hadi kilomita 12 hivi. Kukiwa na kituo cha kurudufu kwenye kilima cha mita 600, mpindo wa dunia unaruhusu hadi kama kilomita 100. Mengine yote yanategemea vimeno vya ile pete. Ukikabidhiwa gari lenye simu ya upepo, kabla hujatia saini mwambie fundi ashushe kitambaa cha dari akuonyeshe chuma kinachong'aa.