Madereva wa Kujitolea na Safari ya Mama Mjamzito Usiku wa Dharura

Wataalamu wa afya ya uzazi huvieleza vifo vingi vya kina mama kwa kutazama ucheleweshaji wa aina tatu, ambao ulifafanuliwa na watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituo cha afya, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa pili ndio unaomwingiza dereva katika habari za uzazi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, ilhali zahanati iliyo karibu naye huenda haina damu ya kumwongezea wala chumba cha upasuaji, na gari la wagonjwa huenda liko mbali au limeshatumwa kwingine. Hapo ndipo jirani mwenye gari, mwenye teksi au kijana wa bodaboda anapoamshwa usiku na kuombwa msaada.

Ugumu wa safari hiyo ulidhihirika nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, ilipoanza kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, iliyowekwa ili kupunguza maambukizi ya UVIKO-19. Mwanzoni amri hiyo ilianza saa moja jioni na kumalizika saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa uchungu wa uzazi hauchagui saa, wajawazito wengi walijikuta hawana matatu wala teksi, huku madereva wakihofia kukamatwa na polisi njiani. Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi jijini Nairobi, alipoona athari za hali hiyo alitangaza katika mitandao ya kijamii kwamba yuko tayari kuwasaidia wajawazito waliokosa usafiri. Maombi yalizidi uwezo wa mtu mmoja, na kutokana na juhudi hizo ukazaliwa mpango wa Wheels for Life, ambao ulimwezesha mama kupiga namba 1196 bila malipo, kuzungumza na daktari, na kutumiwa teksi au gari la wagonjwa kulingana na hali yake.

Mpango huo ulionyesha kwamba moyo wa kujitolea, ingawa ndio chanzo cha msaada, hautoshi peke yake. Wakati wa kafyu, dereva mwema asiye na kibali cha kupita usiku angeweza kuzuiwa pamoja na mgonjwa wake. Asiyejua hospitali ipi ina daktari wa upasuaji anaweza kumpeleka mama mahali ambapo atapewa rufaa nyingine, yaani atatakiwa kuhamishiwa kituo kikubwa zaidi. Na asiye na mtu wa kumweleza uzito wa hali hawezi kujua kama mama aliye naye anahitaji gari lenye mhudumu na vifaa. Kwa sababu hiyo, anayepokea simu na kupima dharura kabla ya gari kuondoka ana umuhimu sawa na anayeshika usukani.

Tanzania ilifuata njia inayokaribiana na hiyo kwa mpango wa m-mama, ambao ulifanyiwa majaribio Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2022. Anayehitaji msaada hupiga namba 115 bila malipo, naye mratibu katika kituo cha dharura hutathmini hali ya mama au mtoto mchanga na kuchagua kituo cha afya kinachofaa. Gari la wagonjwa lisipopatikana kwa wakati, mratibu humwita dereva ngazi ya jamii, yaani mwenye chombo cha usafiri anayeishi jirani na aliyesajiliwa mapema kwa kazi hiyo. Dereva huyo hulipwa nauli iliyokubaliwa, kwa njia ya simu, baada ya kuthibitishwa kuwa mgonjwa amefikishwa.

Wapo wanaoweza kuona kwamba malipo yanaondoa sifa ya kujitolea, lakini hoja hiyo inasahau kwamba petroli hununuliwa, matairi huchakaa, na kijana wa bodaboda anayekesha barabarani anapaswa kurejesha hesabu ya tajiri wake asubuhi. Anachokitoa dereva kama huyo ni utayari wa kuitika saa ambayo wengine wamelala, na utayari huo hudumu zaidi pale ambapo kila safari haimwachi na hasara. Nauli inayojulikana huinufaisha familia pia, kwa kuwa haisimami mlangoni ikipatana bei huku mama akizidi kudhoofika.

Kliniki za wajawazito nchini Tanzania huwashauri kina mama kuandaa mpango binafsi wa kujifungua, ambao hutaja mahali pa kujifungulia, mtu wa kumsindikiza mama na usafiri wa kumfikisha. Jamii inayotaka kuwatumia vizuri madereva wake inaweza kuanzia hapo, kwa kuhakikisha kwamba jina na simu ya dereva vimeandikwa katika mpango huo, kwamba dereva mwenyewe amekubali, na kwamba fedha za mafuta zimewekwa kando kabla siku za mama hazijatimia.