Kuhamisha Seva Iliyo Kazini

Seva ya benki au ya chuo ni kompyuta isiyolala, na fundi anayeitunza, aambiwapo kwamba mfumo endeshi wake umezeeka na hauna budi kubadilishwa, aghalabu hushikwa na hofu akasema kuwa kinachokwenda vyema kisiguswe.

Hofu hiyo ina haki yake, lakini imeuelekea upande mmoja tu. Machi 2017 Microsoft ilitoa masahihisho ya kuziba ufa uliokuwamo katika Windows, kwa matoleo yaliyokuwa bado yakihudumiwa. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapenya katika ufa huo huo kwenye mashine zisizosahihishwa, kikazifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, hata wagonjwa wakarudishwa makwao bila ya kutibiwa. Windows XP, ambayo muhula wake ulikwisha 2014, haikupewa masahihisho hayo ila baada ya balaa kuzuka.

Hatari ya upande wa kubadilisha ni ya siri zaidi. Katika Debian, mfumo wa bure utumikao katika seva nyingi, toleo la 11 la 2021 lina lugha ya programu ya PHP 7.4 na hifadhidata ya PostgreSQL 13, na toleo la 12 la 2023 lina PHP 8.2 na PostgreSQL 15. Yamkini mfumo wenyewe ukapanda kwa salama, kisha programu ya ankara iliyoandikwa zamani ikagoma, kwa kuwa baadhi ya makosa ambayo PHP ya jana iliyaonya tu, ya leo huyakataa. Na data za PostgreSQL 13 hazisomwi na 15 mpaka zigeuzwe. Fauka ya hayo, Debian haikubali toleo lirukwe: mwenye 10 sharti apitie 11, na kila akawiapo safari humzidia.

Kwa rai yangu, kinachopima mizani hii ni njia ya kurudi. Nakala ya akiba ambayo haijapata kurejeshwa hata mara moja haitoshi kutegemewa. Afadhali seva mpya itayarishwe kando ya ile ya zamani, ijaribiwe kwa data halisi, na usiku wa kuhama uandishi usimamishwe, data za mwisho zinakiliwe, ndipo anwani ielekezwe kwake. Ila wateja wakishaandika katika seva mpya, kurudi nyuma ni kuyapoteza waliyoyaandika. Kwa hiyo saa ya kuamua, tuseme saa 10 alfajiri, na mtu wa kuamua, viwekwe kabla kazi haijaanza.