Vyetezo vya udongo Meksiko: soko la ibada ndilo mhimili

Kwa wafinyanzi wa vyetezo nchini Meksiko, msimu wa mauzo ni majuma yanayotangulia Sikukuu ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba. Familia huandaa meza ya kuwakumbuka marehemu na kufukiza kopali, utomvu wa miti ya jamii ya Bursera. Chetezo kikivunjika lazima kinunuliwe kingine, hivyo wateja hawakosekani.

Kila eneo lina bidhaa yake. Santa Fe de la Laguna, kijiji cha Wapurépecha katika jimbo la Michoacán, hutoa vyetezo vyeusi vinavyong'aa. Izúcar de Matamoros, Puebla, husifika kwa vile vyenye rangi nyingi. Wavuna kopali nao huchanja magome wakati wa mvua, ili mzigo ufike sokoni kabla ya sikukuu.

Soko la pili ni la watalii na wapenda sanaa, wanaotafuta vyetezo vyenye sura za kale. Mfano wa kuiga upo. Kando ya Ciudadela, katika mji wa kale wa Teotihuacan, wanaakiolojia walifukua karakana ambamo mapambo ya vyetezo yalifinyangwa kwa kalibu, kisha yakabandikwa moja moja. Kuzalisha kwa wingi si jambo geni katika kazi hii. Lakini anayetaka kunakili kifaa cha kale kwa biashara huhitaji kibali cha taasisi ya taifa ya anthropolojia na historia, INAH, chini ya sheria ya mwaka 1972.

Tatizo kubwa la uzalishaji ni kipako chenye madini ya risasi. Huyeyuka kwa moto mdogo, hivyo kuni hupungua, lakini vumbi lake ni sumu, na karakana nyingi zimo ndani ya nyumba wanamolala watoto. Fonart, mfuko wa serikali ulioanzishwa mwaka 1974, umekuwa ukihimiza vipako visivyo na risasi. Kuvitumia kunadai ujuzi mpya wa tanuri, na gharama ya kuupata haipaswi kubebwa na fundi peke yake.

Mtalii huongeza kipato, lakini anayeiweka kazi hii hai ni familia inayonunua chetezo kwa ajili ya wafu wake. Mnunuzi wa nje naye aulize jina la kijiji, aulize kama kipako kina risasi, kisha alipe bei inayolingana na kazi ya mkono.