Je, Wajua? Tamasha la Ndege Liko Jirani na Bonga

Je, wajua kwamba ndege wana sikukuu mbili kila mwaka? Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na tena Jumamosi ya pili ya Oktoba. Ilizinduliwa mwaka 2006 hapa hapa Afrika Mashariki, Laikipia nchini Kenya. Mkazi wa Bonga, mkoani Manyara, anayetaka kuisherehekea achague ya Oktoba. Mei inapofika, wageni wengi wa kutoka Ulaya na Asia wamekwisha kurudi kwao. Oktoba ndiyo kwanza wanaingia. Safu ya leo ni ya mtu anayeanza kujipanga kwa siku hiyo.

Je, wajua kwamba mbayuwayu anayekatiza juu ya shamba lako mwezi Novemba huenda alianguliwa kwenye banda la ng'ombe huko Ulaya? Uzito wake ni gramu 20 hivi. Wenzake wengine hawaishii kwetu, huendelea mpaka Afrika Kusini.

Je, wajua kuhusu kozi wa Amur? Huyu huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hupumzika kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Afrika Mashariki hupita Novemba na Desemba akifuata mawingu ya mvua, kwa sababu mvua huwatoa kumbikumbi. Jioni watoto wanapokimbilia kumbikumbi uwanjani, inua macho: huenda kuna mwingine aliyekuja kwa karamu hiyo hiyo. Mwaka 2012 dunia ilishtuka kusikia kwamba katika jimbo la Nagaland, India, kozi hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliamua kuacha, na sasa wageni hufunga safari kwenda kuwatazama huko. Kijiji kinaweza kubadilika kwa msimu mmoja kikitaka.

Je, wajua kwamba mbolea ya Minjingu ni kazi ya ndege? Kilima cha Minjingu, wilayani Babati, zamani za kale kilikuwa kisiwa ndani ya Ziwa Manyara, enzi ambazo ziwa hilo lilikuwa kubwa kuliko tunavyolijua. Mnandi, wale ndege weusi hodari wa kuzamia samaki, walikaa kisiwani kwa makundi. Walikula, wakaacha kinyesi, wakaacha miiba ya samaki, wakafa na kuacha mifupa yao. Vyote hivyo vilirundikana tabaka juu ya tabaka hadi vikawa fosfeti inayochimbwa leo. Katika mifupa hiyo wataalamu walimtambua mnandi wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, wakampa jina la kisayansi mwaka 1991. Kwa hiyo mkulima wa Bonga akitia Minjingu kwenye shimo la mbegu, anatumia akiba iliyowekwa na ndege kabla babu wa babu zake hawajazaliwa. Kwangu mimi hakuna habari tamu kuliko hii katika safu nzima, na inafaa kila mwanafunzi wa Manyara aijue kabla hajamaliza shule ya msingi.

Je, wajua kwamba si ndege wote ni rafiki wa shamba? Kwelea kwelea ndio ndege wa mwituni walio wengi kuliko wote duniani. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, basi, linaweza kumaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Mkulima wa mtama anayewachukia ana haki yake.

Je, wajua kwa nini heroe hujaa Ziwa Manyara, wakati Ziwa Babati lina ndege wa namna nyingine? Sababu ni maji. Manyara halina mto unaotoa maji. Maji huondoka kwa jua tu, na magadi hubaki. Katika magadi hayo hukua viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo chakula cha heroe mdogo na ndivyo vinavyompa rangi ya waridi. Hula kichwa chini, mdomo juu chini, ulimi ukisukuma maji yachujwe na mdomo. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa mahali pamoja: Ziwa Natron, kaskazini mwa nchi yetu. Kuliharibu Natron ni kuwamaliza. Ndiyo maana mpango wa kiwanda kikubwa cha magadi ulipingwa vikali na watu wengi, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa.

Ziwa Babati ni la maji baridi. Penye maji baridi na mayungiyungi, mtafute ndege wa rangi ya kahawia mwenye vidole virefu ajabu, anayetembea juu ya majani kana kwamba ni nchi kavu. Kwa ndege hawa jike ndiye mkubwa, naye huwa na madume kadhaa. Dume huatamia mayai, dume hulea, na hatari ikija huwabeba vifaranga chini ya mbawa zake, miguu yao ikining'inia nje. Mtazame pia fundichuma, yule mwenye kichwa kama nyundo: kiota chake hujengwa kwa maelfu ya vijiti na kinaweza kubeba uzito wa mtu mzima. Ukipanda mtumbwi, nenda na mvuvi anayelijua ziwa, na umsikilize. Viboko wa Babati si mapambo.

Je, wajua kwamba kuna ndege ambaye haishi nchi nyingine yoyote ila Tanzania, na makazi yake yako karibu nawe? Ni kuzi wa kijivu, asiye na mng'ao wa ndugu zake, na Tarangire ni mahali rahisi mno pa kumwona. Jirani yake ni kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, naye asili yake ni Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 hivi, na orodha yake ya ndege imepita aina 500. Watu huitaja kwa tembo. Tembo ni sawa, lakini mtu akirudi kutoka Tarangire bila kujua kwamba alimwona kuzi huyo, amepitwa.

Tupange safari sasa. Kipande cha lami kutoka Bonga hadi Babati ni kilomita 19.2, sehemu ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa mwaka 2018. Lakini ndege hawasubiri basi: kilele chao ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha jua likiwa kali wanajificha mpaka saa kumi jioni. Kwa hiyo lala Babati mjini usiku wa kuamkia siku yenyewe kama unakwenda ziwani. Kama ni Tarangire, panda basi la Arusha, shuka Kwa Kuchinja, ulale huko. Hifadhini unahitaji gari, basi changishaneni mapema na wenzako mkodi moja. Beba kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania ana kiingilio chake cha shilingi.

Je, wajua kwamba nguo yako inaweza kukuharibia siku? Tarangire kuna mbung'o, nao huvutwa na rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi. Vaa kaki au kijani kilichofifia. Darubini inayowafaa wengi huandikwa 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Kama hamna uwezo, moja inatosha watu wanne wakipokezana kwa subira. Kwenye simu, programu ya Merlin husikiliza sauti na kupendekeza jina la ndege, na hufanya kazi bila mtandao ukishaipakua pamoja na orodha ya eneo. Ipakue mjini, usingoje porini.

Je, wajua kwamba mkoa wetu una watu wanaozungumza na ndege? Wahadzabe wa Yaeda Chini, Mbulu, humpigia mluzi ndege anayeongoza kwenye asali. Ndege hujibu, hutangulia mti kwa mti hadi kwenye mzinga wa nyuki. Mtu hupasua na kuchukua asali, ndege hula nta. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji nao wana ndege hao hao, ila mwito wao ni mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe huuitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na wa Msumbiji huuitikia zaidi wa kwao. Ndege wamejifunza lugha ya wenyeji wao. Kijana anayeacha kujifunza mluzi huo anakata mazungumzo ya karne nyingi.

Je, wajua kwamba kuhesabu ndege kulianza ili kuwaokoa wasipigwe risasi? Marekani kulikuwa na mashindano ya Krismasi ya kuua wanyama na ndege wengi iwezekanavyo. Tarehe 25 Desemba 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaomba watu wahesabu badala ya kuua. Walijitokeza 27. Leo ni makumi ya maelfu.

Kwetu Afrika Mashariki pia kuna historia. Nairobi, watu wamekuwa wakitembea pamoja kutazama ndege kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, matembezi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno. Novemba 1986 watu watatu waliona aina 342 nchini Kenya ndani ya saa 24, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Uganda wana siku yao ya kila mwaka ambapo vikundi hushindana kuhesabu usiku na mchana. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Hatuna sababu ya kubaki watazamaji wa sherehe za jirani.

Kwa hiyo, mwalimu wa Bonga, mzazi, dereva wa bodaboda unayejua kila njia ya ziwani: Oktoba ijayo, Jumamosi ya pili, chukua daftari, wachukue watoto watano, nendeni Ziwa Babati kabla jua halijachomoza. Andikeni kila ndege mnayemwona, idadi, mahali na saa, kisha mtume orodha kwenye tovuti ya eBird, ambako watafiti wa dunia nzima huisoma. Haina ada.