Nani kakwambia kinga yake imeshuka?

Jumanne ile pale Lugoba, hata saa sita haijafika, nilikuwa nimeshaulizwa swali lilelile mara nne. Wa nne alikuwa mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka miwili, kanga imelowa jasho la mtoto. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya dukani iliyojaa kitu cha rangi ya kahawia: tangawizi, mwarobaini, kitunguu saumu na vingine ambavyo muuzaji hakumtajia. Aliinunua kituo cha mabasi Chalinze. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu. "Daktari, kinga imeshuka. Nampa hii ipande, lakini naona inachelewa. Hamna ya sindano?"

Kinga ya mtoto yule haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda mpaka inamuunguza. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoa mistari miwili.

Tuelewane kwanza kuhusu lile joto. Vimelea vya malaria hukua ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua, na kwa malaria yetu ya hapa Pwani mzunguko huo huchukua takriban saa 48. Chembe zikipasuka, takataka za vimelea humwagika kwenye damu. Seli za kinga zikizikuta hupiga mbiu. Mbiu yenyewe ni protini ndogo ziitwazo saitokini: hutoka kwenye seli moja, hunasa kwenye vipokezi vya seli nyingine, na kuiamuru iamke, izaliane, iue au inyamaze. Tatu kati yake, TNF, IL-1 na IL-6, ujumbe wake hufika mpaka ubongoni, na ubongo ndio unaopandisha joto. Kutetemeka, viungo kuuma, chakula kukataa kushuka, ule uchovu wa kutotaka hata kuitwa jina: sehemu kubwa ya hayo ni kazi ya saitokini. Mwili wa mtoto yule ulikuwa unapiga mbiu kwa nguvu zake zote, na mama alikuwa ametoa fedha ya nauli ili ipigwe zaidi.

Nadhani najua neno hili "kupandisha" lilikotoka. Miaka ya kliniki za VVU watu walizoea kuambiwa CD4 zimeshuka, CD4 zimepanda. Pale namba ilikuwa na maana, kwa sababu ilihesabu aina moja ya seli ambayo kirusi huimaliza. Watu wakaondoka na picha ya tangi la maji: likipungua, jaza. Lakini hata ARV hazijazi kitu. Zinamzuia kirusi asizaliane, na mwili unajirudishia seli zake wenyewe. Tena hapo hapo kuna hatari yake. Mtu mwenye TB iliyojificha akianza ARV, kinga ikarudi kwa kasi, tezi huvimba na homa hupanda, na anaweza kuzidiwa hasa kwa sababu kinga yake imeamka. Ndiyo maana kliniki wanakuuliza habari za kikohozi kabla ya kukukabidhi kopo la dawa.

Mchukueni TNF peke yake muone. Miaka ya 1980 watafiti walikuwa wakiiita kakektini, kwa sababu ilionekana kuukondesha mwili. Ikizidi kwa muda mrefu, mgonjwa hubaki mifupa. Lakini TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kujenga ukuta wa seli unaowafungia bakteria wa TB ndani ya pafu. Zilipotoka dawa za kuizima kwa wagonjwa wa baridi yabisi, madaktari wakaripoti mwaka 2001 kwamba TB iliyolala miaka mingi inaamka. Ikizidi inakukondesha, ikizimwa TB inatoka kifungoni. Sasa ile chupa ya Chalinze inapandisha nini, kwa kiasi gani, kwenye kiungo kipi? Muuzaji hajui, na aliyemuuzia yeye hajui.

Hata wanaojua wanachokigusa wameshindwa. Gambia, watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongoni walipewa kingamwili maalumu ya kuizima TNF, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Homa ilishuka. Vifo havikupungua, na waliopona wakiwa na athari za ubongo wakawa wengi kuliko wale ambao hawakupewa. Hiyo ni dawa safi ya maabara, iliyolenga protini moja, mikononi mwa mabingwa.

Kisha kuna Pemba, na hapa nawaomba mtulie, kwa sababu kinachofuata chupa ya kinga ni "dawa ya kuongeza damu". IL-6 ikipanda, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufungia madini ya chuma ghalani yasizunguke kwenye damu. Mwili una sababu: vimelea na bakteria wanahitaji chuma ili wastawi. Basi Pemba, kuanzia mwaka 2002, utafiti uliwahusisha watoto zaidi ya 24,000 wa chini ya miaka mitatu. Baadhi walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kwanza kuangalia nani amepungukiwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa, kwa kuwa hatari yao ya kufa au kulazwa ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 12. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa na malaria yake ikatibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Chuma kilekile, watoto wa kisiwa kilekile. Kila nikiona sharubati ya damu inanyweshwa mtoto anayewaka homa kwa kuwa jirani kasema macho yake meupe, nawakumbuka watoto wa Pemba.

Kwa hiyo, haraka haraka, ya kufanya ndiyo haya. Mtoto akichemka, apimwe malaria siku hiyohiyo, isisubiri kesho. Akidegedeka, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, hiyo ni safari ya kituo cha afya hata usiku wa manane. Parasetamo hushusha joto, haiui kimelea. Damu ipimwe kwanza ndipo dawa ya damu itolewe, na malaria iwe imetibiwa. Chandarua kila siku. Kikohozi cha wiki mbili, peleka makohozi. Unga usio na jina wa maumivu ya viungo uache: maabara za nchi mbalimbali zimekuta steroidi ndani ya unga kama huo, nazo huizima kinga kimyakimya. Anayetaka kinga yenye mafunzo, chanjo ndiyo mafunzo yenyewe, na kale kajoto ka jioni baada ya sindano ni saitokini zikiwa darasani. Chanjo za malaria RTS,S na R21 zilijaribiwa kwa watoto wetu wenyewe wa Bagamoyo. Ya surua usiikose, kwani surua hufuta hata kumbukumbu ya magonjwa ambayo kinga ilishajifunza.

Mama yule aliondoka na dawa mseto: dozi sita kwa siku tatu, ya pili baada ya saa nane, mtoto anywe na maziwa au chakula chenye mafuta. Nilimrudishia maelezo mara mbili, hasa ya kesho yake asubuhi, mtoto atakapoamka amepoa na kuomba uji. Hapo saitokini zimeanza kutulia. Vimelea bado wamo kwenye damu, na dozi zilizobaki ni zao.