Uhandisi wa Fedha na Yuniti za Kompyuta: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Mzazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta ambaye mtoto wake anasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha huenda akaombwa karo ya ziada, kwa kuwa mwanafunzi anataka kuongeza yuniti za sayansi ya kompyuta. Mara nyingi gharama hiyo inafaa, mradi yuniti ziwe chache na chuo kizikubali kabla ya malipo.

Uhandisi wa fedha ni nini?

Ni taaluma inayotumia hisabati kupima hatari na kuipangia bei. Nchini Kenya, JKUAT na Strathmore ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hii katika shahada ya kwanza.

Mfano ni bima ya mifugo iliyoanza kuuzwa Marsabit mwaka 2010. Bima hiyo haihesabu mizoga. Picha za setilaiti hupima hali ya malisho, na yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Kwa wafugaji wa maeneo makavu, yakiwemo ya kaunti hii, swali ni moja: je, bei ya bima hiyo imekadiriwa sawasawa?

Kompyuta inaingia wapi?

Ili kupata bei, mtaalamu huiagiza kompyuta ibuni maelfu ya misimu ya mvua na ukame, kisha ikadirie wastani wa malipo. Kupunguza kosa la makadirio hayo kwa nusu huhitaji majaribio mara nne zaidi. Anayejua fomula pekee hulazimika kumtegemea mwingine aandike programu, na huenda asitambue ikiwa programu hiyo ina kosa. Kosa hilo humfikia mfugaji kama bei ya juu au malipo pungufu.

Yuniti zipi zianze?

• Uandishi wa programu, kwa lugha kama Python au C++.
• Miundo ya data na algorithimu, ili hesabu kubwa zifanyike haraka.
• Hifadhidata, kwa kupanga na kusafisha takwimu.
• Ujifunzaji wa mashine, baada ya misingi hiyo kukamilika.

Yuniti mbili au tatu hutosha wengi. Zikizidi, huchukua muda wa tasnifu, na tasnifu ikichelewa, karo ya muhula mwingine hufuata.

Maswali ya kuuliza idara

1. Je, yuniti itahesabiwa katika shahada, au ni ya ziada tu? Yuniti ya kiwango cha shahada ya kwanza huenda isihesabiwe.
2. Je, itaonekana kwenye nakala ya matokeo?
3. Ada yake ni kiasi gani, na je, ratiba inagongana na masomo ya lazima?

Majibu yapatikane kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya kusajili masomo.

Kwa asiyewahi kuandika programu, ni nafuu kupata misingi karibu na nyumbani kabla ya kuanza uzamili. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016, hufundisha masomo ya kompyuta na ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Bodi ya HELB nayo hupokea maombi ya mikopo ya wanafunzi wa uzamili.